Koti la mvua, kizibao au jezi peke yake? Safari ya Kwale msimu wa kusi

Mwana_Tudor (Jumapili, saa 3 usiku)

Asalaam aleykum wenzangu. Nina shauri nataka kuwauliza.

Tangu mwezi huu wa sita uanze, kila Jumamosi napanda Kwale kwa baiskeli. Natoka Tudor saa kumi na moja alfajiri, navuka feri ya Likoni, napita Ng'ombeni na Waa, nikifika Kombani nakunja kulia kupanda mlima. Kurudi ni njia ile ile. Miguu haina neno. Kinachonitesa ni hali ya hewa isiyo na msimamo. Feri nikipanda naziona nyota, Waa nanyeshewa manyunyu, Kombani jua limeshachomoza na jasho linanitoka. Nikifika juu nimelowa chapa, halafu kwenye mteremko upepo wa kusi unanipiga kifuani. Jana nilitetemeka mpaka Kombani. Mtu kutetemeka Mombasa!

Nimefika kwenye mambo matatu, na pesa nilizonazo zinatosha moja tu:

Kuna koti la mvua lisilopitisha maji kabisa, nimelikuta dukani kwa shilingi 9,500. Kuna kizibao chepesi cha nailoni, hakina mikono, Kongowea mitumbani nimeambiwa 400. Au nibaki na jezi yangu, nikubali kulowa kama watu wa zamani.

Kwa sasa ndani ya jezi navaa singlendi ya pamba. Mnaonaje?

FundiMnyororo (Jumapili, saa 3 na nusu usiku)

Waaleykum salaam. Yakhe, kabla hujatoa hata shilingi, ivue hiyo singlendi ya pamba. Wewe unailaumu mvua na adui umemfunga kifuani mwenyewe. Jumamosi ukifika Kwale ivue uikamue. Utaona maji yanayotoka. Hayo maji ndiyo unayoteremka nayo.

Mimi ni wa kizibao. Ninacho kimoja mwaka wa sita huu, nakikunja kinaingia mfuko wa nyuma wa jezi pamoja na ndizi mbili.

Kibarua_Shimanzi (Jumapili, saa 4 usiku)

Sikubaliani. Koti la mvua lina kazi yake. Mimi kila siku naenda kazini Shimanzi kutoka Magongo, narudi usiku. Mwezi wa tano, ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu, bila koti nafika kazini kama nimetoka kuvua samaki, na huko hakuna pa kubadilisha nguo. Koti langu ni la manjano, lina ukanda unaong'aa taa ikilimulika. Darajani Makupa usiku wa mvua, dereva wa lori ataniona kwa koti hilo, si kwa jezi nyeusi.

MwalimuKizingo (Jumatatu, saa 12 jioni)

Nimesoma nikaona nyote mna haki, ila hamzungumzii safari moja. Kibarua anakwenda mwendo wa kazini, pole pole, masafa mafupi, kwenye tambarare. Jasho lake ni dogo, kwa hiyo maji yanayomtisha ni ya nje. Mwana_Tudor anapanda mlima kwa nguvu. Maji yanayomlowesha yanatoka ndani yake mwenyewe.

Niruhusuni nieleze kidogo, maana jambo hili nalipenda na nimelifundisha miaka mingi. Mwili unajipoza kwa jasho kugeuka mvuke. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini inaondoka na kilokalori 580 hivi. Ni joto jingi sana, na ni rehema unapopanda. Ila jasho halijui kwamba umeshamaliza kupanda. Ukianza kuteremka misuli inaacha kazi, joto jipya linapungua sana, na maji yaliyobaki kwenye nguo yanaendelea kukunyang'anya joto. Upepo ndio unaoyaharakisha. Baiskeli ikienda kilomita 45 kwa saa, hata hewa ikiwa imetulia tuli, kifua chako kinapigwa na upepo wa kilomita 45. Juu yake ongeza kusi.

Sasa vitambaa. Pamba inanywa maji mpaka ndani ya nyuzi zenyewe, ndiyo maana haikauki upesi. Poliesta nyuzi zake karibu hazinywi kitu, hazifiki hata asilimia moja ya uzito wake. Maji yanakaa juu juu, upepo kidogo tu yamekwenda. Singlendi ya poliesta ya vitundu, ile iliyofumwa kama wavu, ni bora zaidi kwa sababu inaiweka jezi iliyolowa mbali na ngozi.

Tuje kwenye koti la 9,500. Makoti ya aina hiyo yana utando mwembamba ambao matone ya mvua hayapiti lakini mvuke wa jasho unapita. Hilo ni kweli, si porojo za wauzaji. Lakini mvuke hausukumwi na mtu. Unatoka kwa sababu ndani ya koti upo mwingi na nje upo kidogo. Ulaya, kwenye hewa ya baridi, tofauti hiyo ni kubwa na koti linafanya kazi. Hapa kwetu alfajiri unyevu wa hewani unapita asilimia 80 na joto ni nyuzi 23. Nje kumeshajaa mvuke, wa ndani uende wapi? Utafika Kwale mvua haijakugusa na umelowa vile vile.

Kwa pwani yetu, kwa mtu anayepanda mlima, vaa kwa ajili ya jasho na upepo. Mvua iache ikunyeshee, ni ya vuguvugu.

DadaMtwapa (Jumatatu, saa 2 usiku)

Ahsante Mwalimu, leo nimeelewa kwa nini koti langu nililonunua kwa pesa nyingi lilinichemsha kama muhogo.

Nazungumza kwa upande wetu wanawake tunaojistiri. Mimi navaa mikono mirefu mwaka mzima na hijabu chini ya helmeti. Watu wananionea huruma, wanadhani nateseka na joto. Siteseki, mradi kitambaa kiwe chembamba. Jua la kaskazi mwezi wa pili linawababua wenzangu mikono na mimi nimesalimika. Hijabu natumia ya kitambaa cha michezo, inabana kichwani bila pini, maana pini chini ya helmeti ni hatari. Juu ya jezi navaa kizibao kipana kidogo kinachofika nyongani. Kinanistiri, na kinanikinga na upepo. Kwa hiyo kura yangu ni kizibao, lakini usikubali chochote tu cha mitumba.

Ukifika Kongowea fanya hivi. Kishike kitambaa cha kifuani, kibane mdomoni, upulize. Pumzi ikipita bila kazi, ni pambo, kiache. Isipopita hata chembe, ni mfuko wa plastiki, kitakuchemsha. Ukipuliza kwa nguvu na pumzi ikapita kidogo kwa shida, hicho ndicho. Kisha geuza mgongo, uwe wa wavu. Mgongoni hakupigi upepo, ni mahali pa kutolea joto. Zipu ivute juu na chini mara kumi kwa mkono mmoja, kwa sababu barabarani mkono wa pili uko kwenye usukani. Zipu ikikwama, hata ukipewa kwa mia usichukue.

Na jambo ambalo hamjalitaja enyi wanaume: ukilowa, kaptula inachubua. Paka mafuta mazito mapajani kabla ya kutoka, si baada ya kuumia.

FundiMnyororo (Jumatatu, saa 2 na robo)

Dada umesema yote. Naongeza madigadi la nyuma. Barabara ya Likoni ikinyesha, maji machafu yanayokulowesha kiunoni hayatoki mbinguni, yanarushwa na tairi lako mwenyewe. Hakuna koti linaloshinda kipande cha plastiki chini ya kiti.

Mtaita_Damu (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Wapwani wenzangu, mimi ni wa Wundanyi, kazi imenileta Changamwe. Nasema kwa mtu anayezoea Kwale kisha siku moja akatamani milima yetu ya Taita.

Kwale iko karibu mita 400 juu ya bahari. Kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo hapo Kwale mmepoteza nyuzi mbili na nusu. Wundanyi ni zaidi ya mita 1,300, na ukungu juu yake. Mwaka juzi mwezi wa saba nilipanda kutoka Mwatate na jezi na kizibao tu, nikijua ni nyumbani. Kushuka, mvua ya ukungu ikanikuta kwenye kona zile kali. Mikono ilikufa ganzi nikawa sina hakika kama nabana breki au sibani. Nilishuka kwenye baiskeli nikatembea kwa miguu, nikaingia kwa mama mmoja akanikalisha jikoni kwake motoni. Tangu siku hiyo milimani nabeba koti kamili na glavu, hata jua likiwaka Voi.

Kwa Kwale kizibao kinatosha. Ila kuna mambo mawili. Kwanza kivae juu kileleni, mwili ungali moto, kabla hujasukuma pedali hata moja ya kushuka. Ukingoja mpaka utetemeke umechelewa. Pili, mikono ya kuvaa na kuvua. Usinunue, chukua soksi ndefu za kuchezea mpira, kata sehemu ya wayo, vuta mpaka juu ya kiwiko. Jua likitoka unazishusha kwenye vifundo vya mikono bila hata kusimama.

Na siku umesahau kizibao, nunua gazeti Kwale, likunje mara mbili, liweke kifuani ndani ya jezi. Zamani tulitumia mfuko wa plastiki, lakini tangu ilipopigwa marufuku 2017 tumebaki na gazeti, na kwa kweli gazeti ni bora kwa sababu linanywa jasho.

Mwana_Tudor (Jumanne, saa 7 mchana)

Nawashukuru sana. Swali moja la mwisho: kuna jamaa ananiuzia singlendi ya sufu ya merino, anasema mabingwa wote wanavaa. Niache poliesta?

MwalimuKizingo (Jumanne, saa 11 jioni)

Sufu ni kitambaa kizuri. Inanywa mvuke mwingi, hadi kama theluthi ya uzito wake, kabla hujahisi umelowa, na hainuki upesi. Mtaita angeifurahia. Lakini ikishalowa inachelewa kukauka kuliko poliesta, na wewe utailoweka kabla hujafika Kombani. Weka pesa yako. Nunua singlendi mbili za wavu, moja ya kuvaa, moja kavu ya kubeba.

Kibarua_Shimanzi (Jumanne, saa 3 usiku)

Kwa mlima nimekubali. Kwa kazini koti langu silitoi. Ila Mwana_Tudor, hicho kizibao kitafute cha rangi kali. Kijivu siku ya mvua ni rangi ya barabara.

Mwana_Tudor (Jumamosi, saa 8 mchana)

Nimerudi, nawaletea habari.

Kizibao nilikipata Alhamisi kwa 350, cha rangi ya chungwa, mgongo wavu. Nilikipuliza mbele ya muuzaji, akaniuliza kama nataka kukinunua au kukila. Zipu nzima. Ndani nilivaa singlendi ya wavu, ya pili nikaifunga kwenye karatasi mfukoni.

Mvua ilinipata Ng'ombeni, kubwa, nikaiacha inyeshe kama Mwalimu alivyosema. Hadi nafika Kombani jezi ilishaanza kukauka mwilini. Juu Kwale nilibadilisha singlendi nyuma ya kibanda cha chai, nikavaa kizibao moto moto. Mteremko wote kifua kilikuwa kikavu, sikutetemeka hata mara moja.

Nimegundua na jambo ambalo hamkuniambia. Kutoka Kwale kushuka Kombani kusi inakuja usoni na upande wa kulia. Ukishakunja Kombani kuelekea Likoni inakuwa nyuma yako, inakusukuma, na unakwenda nayo sawa sawa kiasi kwamba hakuna upepo kabisa. Pale nilianza kutoka jasho upya ndani ya kizibao. Kwa hiyo kinavaliwa kutoka Kwale mpaka Kombani tu, hapo hapo penye kona kinavuliwa. Mikono ya soksi niliivua mapema zaidi.

Bado sijapata jibu la feri. Leo nilingoja nusu saa nimelowa, na upepo wa kivukoni hauna mlima wala kona. Nadhani wiki ijayo nitabeba kikoi chembamba, nijitande pale foleni.

Kizibao nilikianika uani niliporudi, kikakauka kabla ya adhana ya adhuhuri. Jumamosi natoka tena, kumi na moja kasorobo. Anayetaka tuvuke pamoja anikute kwenye mteremko wa feri, upande wa kisiwani.