Wine, Bottles, VirtualBox au QEMU: kipi kinafaa kwa programu ya mizani iliyobaki bila Windows?

Mizani_Mwaloni: Wadau, habari za leo. Kuna kompyuta mbili za ofisi hapa Kirumba, Mwanza, Core i5 za kizazi cha 4, moja ina RAM ya GB 4 na nyingine GB 8. Windows 10 iliisha muda wake tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inazikataa, kwa hiyo zote zimewekwa Linux Mint. Kuna programu tatu ambazo haziachiki. Ya kwanza ni ya kupimia samaki, ya Visual Basic 6, inatunza data kwenye faili la .mdb (hifadhidata ya Access) na kusoma mizani kwa waya wa siriali kupitia adapta ya USB. Ya pili ni ya mishahara, ya enzi za DOS. Ya tatu ni ya lebo, haifunguki bila ufunguo wake wa USB. Nitumie kipi?

fundi_igoma: Mkuu, usitafute chombo kimoja cha zote tatu. Tazama kila programu inagusa nini. Wine haiigizi kompyuta: inapokea maombi ambayo programu ingeyapeleka kwa Windows, inayatimiza kwa njia ya Linux. Ndiyo maana ni nyepesi na GB 4 zinatosha. Ila haipakii draiva za Windows zinazoongea na kifaa moja kwa moja. Ufunguo wa USB unategemea draiva ya aina hiyo, hivyo hapo Wine mara nyingi inagoma. Mizani haina shida hiyo, draiva ya adapta imo ndani ya Linux yenyewe.

Kwa ya samaki, fanya hivi:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install wine wine32:i386 winetricks`
`export WINEPREFIX=~/mizani WINEARCH=win32`
`winetricks vb6run mdac28 jet40`

Kisha, kwenye terminali hiyo hiyo, endesha `wine setup.exe`. Ukifungua terminali nyingine bila kurudia mstari wa export, Wine itatengeneza folda nyingine na programu itaonekana kama imepotea. Na usinakili folda ya programu tu kutoka kwenye Windows ya zamani. Setup ndiyo inayosajili MSCOMM32.OCX (MSComm, kipande cha Visual Basic kinachosoma waya wa siriali), bila hiyo dirisha la mizani halifunguki.

Dada_Nyamanoro: Naongezea hapo kwenye mizani, maana ndipo wengi wanapokwamia. Kabla hujagusa Wine, hakikisha Linux inaisoma:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Toka kwenye akaunti, ingia tena, halafu `screen /dev/ttyUSB0 9600`. Kwenye mizani nyingi utaona mistari kama `ST,GS,+ 20.45kg`. ST ni uzito umetulia, US bado unacheza. Ukiona herufi za ajabu, kasi hailingani na iliyowekwa kwenye mizani. Mlango wa ttyUSB0 ukitokea sekunde moja kisha ukatoweka na adapta ni ya chipu ya CH340, mkosaji ni brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu inayodhani adapta ni yake. Kama hakuna anayeihitaji ofisini, `sudo apt remove brltty`.

Sasa Wine. Huwa inagawa COM1 hadi COM32 (majina ya Windows ya milango ya siriali) kwa milango ya ttyS, USB inaangukia COM33. Visual Basic 6 haifiki huko, MSComm inaishia 16. Fungua `wine regedit`, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, weka thamani ya maandishi COM1 iwe /dev/ttyUSB0, kisha `wineserver -k`. Funga screen kwanza, la sivyo mlango utakuwa umeshikwa.

pasiansi_kvm: Ya lebo iweke kwenye mashine ya GB 8, kompyuta pepe ya QEMU/KVM, yaani Windows nzima inayoendeshwa ndani ya Linux, kupitia dirisha la virt-manager. Ipe Windows GB 4 na diski ya GB 40. Anza na `grep -cE 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`, ikijibu 0, ingia BIOS uwashe VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta pepe. Wakati wa kusakinisha chagua diski ya SATA. Ukichagua VirtIO (aina ya diski ya kompyuta pepe) bila CD ya draiva zake, Windows itasema haioni diski yoyote. Ufunguo unaupeleka ndani kwa Add Hardware, USB Host Device. Leseni ya Windows bado unaihitaji, na usiiruhusu kuvinjari intaneti.

VirtualBox ni rahisi kwa macho, lakini moduli yake inajengwa upya kila kernel (kiini cha Linux) ikibadilika, na kuanzia kernel 6.12 inagombania VT-x na KVM. KVM imo ndani ya kernel tayari. Kwa ofisi inayofungua saa 11 alfajiri sitaki kitu cha kujengwa upya.

fundi_igoma: Mishahara: DOSBox-X, siyo DOSBox ya kawaida, ambayo ilitengenezwa kwa michezo na haina uchapishaji. Kwenye DOSBox-X weka `parallel1=printer` katika faili lake la mipangilio.

Mizani_Mwaloni: Asanteni sana. Na Bottles?

Dada_Nyamanoro: Ndani yake ni Wine ile ile, yenye vitufe. Ni nzuri, ila inakuja kwa Flatpak (programu iliyofungashwa na vyote inavyohitaji) na vitu vyake vinakula zaidi ya GB 1 ya bando, tena imefungiwa isiguse vifaa ovyo, kwa hiyo mlango wa siriali unahitaji ruhusa ya ziada. Kwako Wine ya kawaida. Ukimaliza mashine ya kwanza, nakili `~/.cache/winetricks` kwenye flashi uiweke mahali pale pale kwenye ya pili: vilivyokwisha kupakuliwa havitapakuliwa tena.

pasiansi_kvm: Na umeme ukikatika katikati ya kupima, .mdb ndiyo inayoharibika kwanza. Funga programu jioni, kisha `tar czf mizani-$(date +%F).tgz -C ~ mizani`, uhamishie flashi. Kurudisha ni kufungua faili hilo tu mahali pake.