Kadi za sikukuu za kutengeneza kwa mkono: mkunjo unapasuka, gundi inapinda kadi, kona za boksi zinachanika

Tausi_K aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naandaa kadi na zawadi za sikukuu za mwisho wa mwaka na kuna mambo yananikwaza.

Kadi natumia manila ya rangi, A4 ya gramu 250, naikunja mara moja katikati. Pale kwenye mkunjo rangi inapasuka na weupe wa ndani unaonekana, ukingo wote unaota vinyweleo. Nikibandika karatasi ya maua juu yake kwa gundi nyeupe, ikikauka kadi nzima imepinda. Bahasha ya kuitosha nayo sina.

Upande wa zawadi nina boksi la sm 30 × 20 × 10 na mkebe wa duara wenye kipenyo cha sm 10 na kimo cha sm 15. Karatasi ya kufungia inachanika kwenye kona za boksi, na kwenye mkebe inajaa mabonge juu na chini. Naomba vipimo kamili, maana kukadiria kwa macho kunamaliza karatasi.

Mkunjo_Safi alijibu:

Karibu dada. Mambo yako mawili ya kwanza yana chanzo kimoja: nyuzi za karatasi zina mwelekeo. Kiwandani nyuzi nyingi hulala upande mmoja. Ukikunja sambamba nazo, mkunjo unakaa laini. Ukikunja kwa kuzikata, zinavunjika, ndiyo hivyo vinyweleo unavyoviona.

Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazokwenda sambamba na upande mrefu, ule wa mm 297. Ukiikunja A4 mara moja katikati, mstari wa mkunjo ni wa mm 210 na unakata nyuzi zote. Dawa yake ni kubadilisha saizi ya kadi. Kata A4 iwe vipande viwili vya mm 148 × 210, kisha kunja kila kipande katikati ya ule upande wa 210. Sasa mkunjo una urefu wa mm 148 na unafuata nyuzi. Unapata kadi mbili za mm 105 × 148 kwa karatasi moja.

Usiniamini kwa maneno tu, pima, kwa sababu manila hutofautiana. Shika karatasi bila kuikunja kabisa, ipinde kwa viganja kwa upande mmoja halafu mwingine. Upande unaolegea kirahisi ndio mkunjo wake. Ukiwa na kipande cha kutupa, kichane kwa mkono: mchano unaofuata nyuzi unanyooka, unaozikata unakwenda ovyo.

Hata ukifuata nyuzi, gramu 250 haikunjwi kavukavu. Weka rula, pitisha kalamu ya wino iliyokwisha wino au mgongo wa kisu butu, mara mbili kwa nguvu ya wastani. Unachotaka ni mfereji, siyo mkato. Kisha sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko ukiwa umetanguliza karatasi nyeupe juu, la sivyo manila ya rangi itang'aa mstari mmoja.

Bahasha_Moja alijibu:

Naongezea kwa Mkunjo_Safi jambo ambalo wengi hulikosea: mfereji unakaa nje ya kadi, na kile kituta kilichojitokeza upande wa pili ndicho kinachokaa ndani ya mkunjo. Inaonekana kinyume, lakini kituta kikiwa ndani, ule uso wa nje wenye rangi unavutwa kidogo zaidi tu ya ulivyokwisha kuvutwa. Kikiwa nje, unavutwa mno na kupasuka. Kwa hiyo piga mstari upande wa nje, ule utakaokuwa na picha.

Bahasha kwa saizi hiyo mpya ni rahisi. Kata mraba wa sm 21 kutoka A4 nyingine, ya gramu 80 hadi 120. Laza kadi katikati, imekaa mshazari, pande zake zielekee kona za mraba. Acha nafasi ya mm 3 kila upande, piga alama za mikunjo, ondoa kadi. Kunja kona za kushoto na kulia kwanza: zitakaribia kukutana, zitaachiana kama sentimeta moja. Kunja ya chini ifunike pengo hilo. Ncha ya chini itapanda juu kupita kiasi, ikate kama sm 3. Gundi iwe mstari mwembamba kwenye kingo mbili za kona ya chini tu. Ukijaza gundi hadi ndani, kadi itanata humo humo.

Nafasi ya mm 3 ni ya kadi bapa. Ukibandika kifungo, utepe uliofungwa au tabaka tatu za karatasi, ongeza mm 2 hadi 3 tena kila upande na mraba uwe sm 22, yaani karatasi kubwa kuliko A4.

Gundi_na_Wembe alijibu:

Kuhusu kupinda. Gundi nyeupe ina maji mengi. Nyuzi zikinywa maji zinanenepa, hivyo karatasi inatanuka kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Karatasi ya maua inatanuka, unaibandika ikiwa imetanuka, halafu inakauka na kusinyaa huku imeshikwa na manila. Manila inavutwa, kadi inapinda kuelekea upande wa maua.

Kwa hiyo punguza maji. Selotepu ya pande mbili haina maji kabisa na ndiyo chaguo langu kwa kadi: mistari minne pembeni, mm 3 kutoka ukingo, na mmoja katikati. Gundi ya kijiti inafuata. Ukilazimika kutumia gundi nyeupe, ipake kwenye kile kipande kidogo, siyo kwenye kadi, tabaka jembamba kwa kipande cha sponji au kadi ya plastiki, ukianzia katikati kwenda nje. Bandika, futa hewa kwa kiganja, tia kadi katikati ya karatasi mbili za kuokea, weka vitabu vizito juu hadi kesho yake. Usianike juani wala kukausha kwa mashine ya nywele. Uso mmoja utakauka kabla ya mwingine na kadi itapinda zaidi.

Nyuzi za kipande cha maua na za kadi zilale upande mmoja. Hilo peke yake linapunguza nusu ya shida.

Ukitaka karatasi ya ndani ya kuandikia, ikate iwe ndogo kwa mm 5 kila upande na uishike kwa mstari mmoja wa gundi karibu na mkunjo, nyuma tu. Ukiibandika yote, mkunjo utajaa mabunda kadi ikifungwa.

Tausi_K aliandika:

Ahsanteni sana, nimepima manila yangu kwa kuipinda na kweli nyuzi ziko upande mrefu. Swali dogo: nataka kadi ikifunguliwa kuwe na kiboksi kinachosimama na nyota mbele yake. Mkato uwe na urefu gani?

Mkunjo_Safi alijibu:

Usizidi nusu ya upana wa kadi iliyokunjwa. Ukikata mikato miwili sambamba kuanzia kwenye mkunjo na kusukuma kipande hicho ndani, kadi ikifungwa uso wa kiboksi unafika mara mbili ya urefu wa mkato kutoka kwenye mkunjo. Kadi yako ina upana wa mm 105, hivyo mkato wa mm 60 ungetokeza nje kwa mm 15. Fanya mm 30. Kiboksi kitafika mm 60, na nyota ikibandikwa mbele yake bado ina mm 40 za kujificha. Kata kwenye karatasi ya ndani ya gramu 160, halafu ndipo uibandike kwenye kadi ya nje ili tundu lisionekane. Kwenye kiboksi chenyewe usitie gundi.

Kona_Nane alijibu:

Sasa boksi. Upana wa karatasi ni mzunguko wa boksi na sm 3 za kupishana: 20 + 10 + 20 + 10 + 3 = sm 63. Urefu ni boksi lenyewe na robo tatu ya kimo kila mwisho: 30 + 7.5 + 7.5 = sm 45. Kinachochana kona mara nyingi ni hapo kwenye miisho. Watu huacha sm 12 au 15, karatasi inakuwa nyingi, wanaivuta kwa nguvu ili ikae, na kona ya boksi inaitoboa.

Laza boksi kifudifudi ili kiungo kiwe chini. Kunja ukingo wa juu ndani kwa sm 1, tia selotepu ya pande mbili chini yake, vuta kwa kiganja kizima, siyo kwa vidole viwili. Kwenye mwisho, sukuma pande mbili za kushoto na kulia ndani kwanza. Pembetatu mbili zitajitokeza. Piga mikunjo yake kwa ukucha ukianzia kwenye kona ya boksi kwenda nje, usije kinyume. Teremsha ya juu, pandisha ya chini, bandika. Karatasi nyepesi sana itachanika hata hivyo. Kwa hiyo bonyeza kona nane za boksi kwa kidole gumba zipungue ukali kabla ya kuanza.

Mkebe: mzingo ni sm 31.4, kata sm 34. Kimo kata sm 24.5, yaani 15 na pungufu kidogo ya nusu kipenyo juu na chini. Hicho kipungufu ni cha makusudi. Karatasi ikifika katikati kabisa, mikunjo yote inarundikana sehemu moja na hilo ndilo bonge lako. Kunja vipande vya sm 1.5 kimoja juu ya kingine, vyote vielekee upande mmoja, kila kimoja kielekezwe katikati. Funika tundu dogo lililobaki kwa duara la karatasi la sm 5.

Fundo_Bapa alijibu:

Mkebe na vitu vya umbo gumu mimi ningefunga kwa kitambaa cha mraba, kama Wajapani wanavyofanya kwa furoshiki. Kwa boksi lako, kitambaa cha sm 70 kinatosha kwa shida: kutoka katikati hadi kona kuna sm 49.5, boksi linakula 15 + 10 + 15, zinabaki sm 9.5 za kufunga. Cha sm 90 kinakuachia kama sm 23 kila upande. Funga kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili, fundo linateleza.

Gundi_na_Wembe alijibu:

Ukipamba karatasi ya kufungia kwa muhuri wa kiazi, chonga kwa kina cha mm 5, na herufi zichongwe kinyume. Ukishakata kiazi, kifute kwa kitambaa na ukiache uso chini juu ya karatasi kama dakika kumi. Maji ya kiazi yakichanganyika na rangi, chapa ya kwanza inatoka na mabaka. Rangi iwe nzito, ipakwe kwa sponji, kiazi kisichovywe. Anza kukunja rangi ikiwa imekauka kabisa, na uiguse pale palipo nene zaidi, siyo pembeni.