Dalali wa picha za kale hapa Amsterdam anaficha mali ilikotoka, ukiuliza anakuona mkorofi

Wakuu habari za jioni. Hili jambo limenikaa kooni toka Jumamosi, ngoja nilitoe.

Naishi Uholanzi mwaka wa kumi na moja sasa na picha za kuchorwa za kale za huku nazipenda kweli, kila nikipata ofu utanikuta makumbusho ya Rijksmuseum. Sasa Jumamosi nikaenda na binti yangu Nieuwe Spiegelstraat, ule mtaa wa maduka ya picha na vitu vya kale, kuna dalali mmoja (jina naliacha) alikuwa anafungua onyesho la wachoraji mabingwa wa zamani, watu wanagawiwa mvinyo, yeye anawatembeza wageni picha moja baada ya nyingine anasimulia mwanga, mawingu, rangi ilivyopakwa. Kuongea anajua, sikatai. Tukafika kwenye picha ya mto na mashua, kazi ya karne ya 17, imechorwa kwenye ubao wa mwaloni, nzuri mpaka binti akaganda pale. Chini pana jina la mchoraji kwa herufi kubwa halafu imeandikwa "mkusanyiko binafsi, Ulaya". Basi! Miaka karibu 400 ndo imeisha hapo.

Nikauliza kwa adabu kabisa, samahani mzee, kati ya 1933 na 1945, enzi Wanazi wa Ujerumani wanapora mali za Wayahudi, hii ilikuwa kwa nani? Sura ikabadilika palepale. Akasema makaratasi anaonyeshwa mnunuzi wa kweli tu, akaniangalia mpaka viatu, akageukia wageni wengine. Nikaomba basi aigeuze tuone mgongo, maana nyuma ndo kunakuwa na mihuri na lebo na namba za waliowahi kuimiliki, akasema haiwezekani. Mbele ya mwanangu.

Anayesema nilileta fujo akumbuke huu ni mji gani. Hapahapa mtaa wa Herengracht alikuwepo dalali Myahudi, Jacques Goudstikker, mmoja wa wakubwa kabisa wa picha za kale enzi zake. Mei 1940 Wajerumani wanaingia akakimbia kwa meli na mke na mtoto mchanga, usiku akatumbukia kwenye shimo la mizigo la meli akafa. Mfukoni alikuwa na kidaftari cheusi kimeorodhesha kazi zaidi ya 1,100 alizoziacha. Göring, kigogo wa Wanazi aliyekuwa karibu na Hitler, akajibebea mamia. Vita imeisha, nyingi zikarudishwa Uholanzi, serikali ikazitundika makumbusho kama zake, familia wamehangaika mpaka 2006 ndo wakapewa 202. Na bado zinaibuka, 2025 picha moja ya mkusanyiko wake imeonekana ukutani juu ya sofa kwenye tangazo la nyumba inayouzwa Argentina! Tangazo la nyumba jamani.

Kwa hiyo swali langu sio la kijinga, ni swali la kwanza kabisa. Mwaka 1998 nchi 44 zilikubaliana Washington kwamba kazi zilizoporwa na Wanazi zitafutwe na wenyewe watafutwe, sasa zitafutwaje kama mwenye duka anaandika "mkusanyiko binafsi" halafu anafunga mdomo? Hata Kigamboni ukiuziwa kiwanja unadai hati, unaenda serikali ya mtaa, unauliza majirani mmiliki wa kwanza ni nani, na dalali wa kiwanja akikuzungusha unajua hapa pana kitu. Huyu wa suti anauza vitu vya bei ya nyumba nzima halafu anataka tumwamini kwa sababu ana sauti nzuri.

Sisemi picha yake imeibwa, sijui na siwezi kusema. Ninachomlaumu ni kuficha. Kama ni safi, si aandike tu, fulani mpaka mwaka fulani, kisha fulani, na kama kuna pengo aseme hapa pana pengo tunaendelea kutafuta. Wapo madalali wanaofanya hivyo na wanauza vizuri tu.

Binti njiani akaniuliza, baba kwani ulimkosea nini yule babu? Hapo ndo niliumia zaidi.

Jumatatu nimemwandikia barua pepe nimeomba kitu kimoja tu, atume picha ya mgongo wa ule ubao. Mpaka leo kimya.