Upatanisho wa kitenzi katika maswali ya Kifaransa: «qui» na «combien»

Karani wa Tunduma
Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Nipo katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, na wateja wetu wengi wa Lubumbashi tunawaandikia kwa Kifaransa. Tulitaka kumuuliza mmoja wao ni akina nani waliotia saini hati za mzigo, na kwa kuwa waliosaini ni zaidi ya mmoja, mwenzangu aliandika «Qui ont signé les documents ?», nami nikashikilia kwamba iwe «Qui a signé». Hoja yake ni kwamba «Combien de camions sont arrivés ?» (malori mangapi yamefika?) huchukua wingi, basi kwa nini «qui» likatae? Naomba mwenye ujuzi atuamue.

Mwalimu wa Iringa
Ndugu Karani, andika «Qui a signé». Neno «qui» linapouliza juu ya mtenda huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu umoja, hata kama jibu litataja watu ishirini. Sisi tumezoea «akina nani wametia saini», ilhali «qui» halina umbo la wingi. Katika «combien de camions», kinachotawala kitenzi ni malori yenyewe, nayo ni mengi. Mwenzako asije akakuletea «Qui sont ces chauffeurs ?» kama ushahidi, kwani hapo kiima ni «ces chauffeurs», na kitenzi kinawafuata madereva hao. Mkitaka wingi uonekane, andikeni «Lesquels de vos agents ont signé ?» (ni mawakala wenu wapi waliotia saini?).

Mkalimani, Mafinga
Mwalimu amelimaliza la «qui». Kwa mtu wa mizigo, naona mtego mkubwa zaidi uko kwenye «Combien de caisses avez-vous reçues ?». Makasha ndiyo yaliyopokelewa, na yametajwa kabla ya kitenzi. Kwa hiyo «reçu» huongezewa «e» ya jinsia ya kike na «s» ya wingi. Mteja akijibu «Nous avons reçu cinquante caisses», herufi hizo hazihitajiki tena, kwa sababu makasha yamekuja baada ya kitenzi. Sikio halitakusaidia hapa, maana «reçu» na «reçues» hutamkwa sawasawa (na Wafaransa wenyewe huzisahau herufi hizo mara nyingi), tofauti na «Quelles lettres avez-vous écrites ?» (mmeandika barua zipi?), ambapo «t» husikika waziwazi.

Karani wa Tunduma
Nawashukuru sana. Mwenzangu amekubali, ila amekuja na jingine: «Est-ce vous qui avez signé ?». Kama «qui» ni la umoja, hiyo «avez» imetoka wapi?

Mwalimu wa Iringa
Hilo «qui» haliulizi. Ni kirejeshi, na kazi yake ni ile ya «-o-» katika «ninyi mliotia saini». Kirejeshi hufuata nafsi ya neno kinalolirejelea, kwa hiyo utaandika «Est-ce toi qui as signé ?» kwa mtu mliyezoeana naye, na «Est-ce vous qui avez signé ?» kwa mteja unayemheshimu, hata akiwa peke yake. Usipomtaja mtu yeyote na kuuliza «Qui est-ce qui a signé ?», kirejeshi kinarudi kwenye «qui» la mwanzo, ambalo ni la nafsi ya tatu umoja, na «a» inabaki palepale.