Mkataba wa wiki 13 Amarillo: hoteli au chumba cha kupanga?

Kutoka: Mgeni wa Maryland

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimechukua mkataba wangu wa kwanza wa uuguzi wa kusafiri: Amarillo, Texas, zamu ya usiku, wiki 13. Leseni yangu ni ile ya majimbo mengi, hiyo hainisumbui. Ajensi inanipa posho ya malazi, mahali pa kulala nitafute mwenyewe. Niingie hoteli za kukaa muda mrefu, au nipange chumba? Jingine naona haya kuuliza: mtu anaishije peke yake miezi mitatu mahali asipojuana na yeyote?

Kutoka: Dada Mkubwa, Houston

Marahaba mdogo wangu. Ingia hoteli, angalau mwezi wa kwanza. Hospitali inaweza kuukata mkataba katikati kwa sababu tu wagonjwa wamepungua, na mwenye nyumba uliyemsainia miezi mitatu hayo hayamhusu. Hotelini unalipa kwa wiki. Mambo yakiharibika unabeba masanduku yako. Na yeyote anayekuonyesha picha za chumba kizuri mtandaoni, kisha anataka amana kabla hujakanyaga mlangoni, achana naye. Matapeli wanajua wauguzi wa kusafiri hupanga nyumba wakiwa mbali.

Sasa pesa. Texas inatoza kodi ya hoteli 6%, na mji nao huongeza yake juu. Lakini mgeni wa siku 30 mfululizo au zaidi husamehewa. Ukiwaandikia tangu siku ya kuingia kwamba unakusudia kukaa muda huo, msamaha unaanza siku ya kwanza. Ukinyamaza, utalipa kodi ya siku 30 zote za mwanzo. Mtu wa mapokezi hatakukumbusha. Uliza pia kama hoteli hiyo huwatoa wageni kila baada ya siku 28 au hivi. Zipo zinazofanya hivyo ili mgeni asije akapata haki za mpangaji, na siku zako zikikatika hivyo, hesabu ya kodi inaanza upya.

Hiyo posho nayo haikatwi kodi ya mapato kwa sharti: uwe bado na nyumba Maryland unayoigharamia kweli, na kazi ya huku isitarajiwe kuzidi mwaka. Ukiiachia nyumba ili ubane matumizi, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wataihesabu posho kuwa mshahara. Tafuta mhasibu mapema, usingoje Aprili, mwezi wa kuwasilisha hesabu za kodi.

Kuhusu chumba: omba ghorofa ya juu, mwisho wa korido, mbali na lifti na mashine ya barafu, dirisha lisitazame maegesho ya malori. Waambie mapokezi unalala mchana. Kibao cha kukataza usumbufu hakitoshi. Tangu mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, mtu alipoufyatulia umati risasi kutoka chumba chake cha hoteli, hoteli kadhaa kubwa hukagua chumba hata kibao kikining'inia. Patana nao saa ya kukagua.

Chakula ni hicho hicho cha kwetu. Unga wa tortilla, zile chapati za mahindi za Kimeksiko, umepikwa na chokaa, ugali wake utakushangaza. Chukua unga mweupe wa mahindi wa kawaida. Samaki usikaange: king'ora cha moshi kitawatoa wote nje, nawe utajulikana siku hiyo hiyo.

Na hilo la upweke, usione haya. Mimi nilijuana na watu kwenye chai ya asubuhi. Unarudi saa moja na nusu umechoka, mayai yako ni chakula cha usiku, na wenzako ndio wanaanza siku. Amarillo utakutana na mafundi wa mitambo ya upepo, maana eneo lile limejaa mitambo hiyo, na wafanyakazi wa treni wanaolala saa za ajabu kama wewe. Hao wa treni ni majirani wazuri, wanaheshimu usingizi wa mchana. Zungumza nao, cheka nao, ila namba ya chumba usiitaje mezani, wala usiseme unapumzika siku gani. Mtu wa hoteli leo yupo, kesho hayupo, na hakuna anayemjua kwao.

Mimi nawategemea zaidi wanaofanya kazi hotelini. Amarillo imepokea wakimbizi wengi, na viwanda vya nyama vimewavuta Wakongo, Wasomali na Waburma. Usishangae anayekuletea taulo akikuambia, "Mama, niko naona unalala mchana tu, uko mgonjwa?" Mimi niliambiwa hivyo hivyo kwenye mji mwingine, na kupitia mama huyo nikapata duka la mihogo, msusi na kanisa. Anayekusafishia chumba mwachie bahasha kila wiki, dola chache kwa kila siku ya kusafisha. Kanisani nako jiandae, harambee huwa haisubiri ukae.

Kutoka: Baba K., Wichita

Dada amesema vyema, ila hayo ni ya wauguzi. Sisi wa CNA, wasaidizi wa wauguzi, cheti chetu hakivuki mpaka wa jimbo. Kila jimbo lina daftari lake, unaomba kuhamishiwa, na posho yetu si ya kukaa hoteli wiki 13. Kwa hiyo kaa wiki mbili tatu, ujuane na watu, kisha hamia chumba kwa familia. Miezi mitatu ya maikrowevu na runinga siipendekezi kwa mtu yeyote, na kulipwa vizuri hakusaidii. Ukihamia, risiti ya pango la chumba idai, hata kwa Mswahili mwenzio. Hasa kwa Mswahili mwenzio.

Kutoka: Mgeni wa Maryland

Asanteni sana. Nimepiga simu hotelini: karatasi ya siku 30 wanayo, ila aliyepokea ilibidi akamuulize meneja. Kuwatoa wageni hawana. Baba K., siku nisizo kazini mtu huenda wapi huko?

Kutoka: Baba K., Wichita

Palo Duro, bonde kubwa la miamba myekundu, kama nusu saa kwa gari. Nenda asubuhi na maji ya kutosha. Waalike hao watu wa treni kama wana gari.