Acheni kutupanga na majedwali ya farasi za muscle car! Ghafi na halisi havikai safu moja

Wakuu, nimechoka na hili jambo. Kila mara linarushwa jedwali lilelile la muscle car, yale magari ya Marekani yenye injini kubwa, na farasi zake, yaani nguvu ya injini: Corvette ya 1971 farasi 270, Corvette ya 1972 farasi 200, na chini yake mtu kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba injini ilikufa ndani ya mwaka mmoja. Haikufa! Ni V8 ileile ya inchi 350 za ujazo, mgandamizo uleule wa 8.5 kwa 1 (kiasi ambacho hewa na petroli vinabanwa kabla ya kuwaka). Kilichobadilika ni kipimo.

Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ghafi. Injini inafungwa kwenye stendi ya majaribio, imevuliwa filta ya hewa na alteneta, ekzosi ya gari haipo. Kuanzia 1972 wakahamia nguvu halisi, injini ikiwa na vikorokoro vyake vyote kama inavyokaa chini ya boneti. Na Chevrolet wenyewe, watengenezaji wa Corvette, mwaka 1971 walitoa namba zote mbili: hiyo 270 ghafi ilikuwa 210 halisi. Kwa hiyo zilipungua farasi 10, si 70. Namba ipo wazi miaka yote hii, lakini watu wanakopi tu bila kusoma!

Anguko lenyewe lilianza 1971, GM, kampuni mama ya Chevrolet, iliposhusha mgandamizo ili magari yaweze kutumia petroli yenye risasi kidogo. Mwaka 1970 Corvette ya kawaida ilikuwa 10.25 kwa 1 na farasi 300 ghafi. Hilo ndilo la kujadili, na halimo kwenye jedwali lenu.

Halafu kuna hawa wa "nani mkali" kwa magari ya 1970. Chevelle ya Chevrolet yenye injini ya LS6 farasi 450, injini ya Hemi 426 ya Chrysler farasi 425, Buick GS Stage 1 farasi 360, basi Buick anawekwa mkiani. Jamani, Buick hiyo ilitangazwa na msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa pauni-futi 510 kwenye mizunguko 2,800 tu kwa dakika, wakati LS6 ina 500 na Hemi 490. Safu ya msokoto mmeipeleka wapi? Na Stage 1 ilikuwa na valvu kubwa na kemshafti kali kuliko injini ya 455 ya kawaida ya Buick, lakini karatasi ya kiwandani inasema imezidi kwa farasi 10 tu. Anayelimeza hilo hajawahi kuona injini ikifunguliwa.

Namba za kiwandani zilikuwa zinashushwa makusudi, kwa sababu farasi nyingi zilipandisha bima na daraja la mashindano. Corvette ya 1969 yenye L88, injini ya mbio kabisa, iliandikwa 430. L71, dada yake wa barabarani, 435! Ford Boss 302 na Camaro Z/28, mahasimu wakubwa, zote 290 kwenye mizunguko 5,800. Siamini hata kidogo kwamba zililingana kwa sadfa.

Mbaya zaidi ni wanaoweka 450 ya LS6 pembeni ya 460 ya Mustang GT ya 2018 na kutangaza kwamba zinakaribiana. Moja ni ghafi, nyingine ni halisi!

Mwenye jedwali aandike mwaka, aina ya kipimo, mizunguko na msokoto. Akishindwa, alifute.