Nani kasema mchoraji wa Tingatinga lazima azeeke na tembo?

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha, leo nasema.

Mimi nachora Tingatinga, ule mtindo wa picha wa hapa kwetu. Tangu niache kuchora tembo na twiga wenye Mlima Kilimanjaro nyuma yao, imekuwa nongwa. Sasa nachora wakaangaji samaki wa Feri, lile soko la samaki la Dar. Rangi ni ile ile ya mafuta ya kopo, ila zile nukta za Tingatinga nimeziondoa, na moshi wa karai nauacha umfunike mtu nusu ya uso. Wateja wa zamani wananiandikia nirudi kwenye "kazi nzuri". Mwenye duka niliyempelekea picha miaka nenda rudi kazigeuza zikatazama ukuta, juu yake katundika tembo wa mtu mwingine. Hata simu hakunipigia! Nimezikuta mwenyewe, zimeshika vumbi.

Kinachoniuma zaidi ni wachoraji wenzangu kusema naharibu Tingatinga. Tingatinga ipi? Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora miaka ya mwisho ya 1960 hapa hapa Dar, kwa rangi ya baiskeli na vipande vya hadibodi. Picha zake nyingi ni mnyama mmoja tu, nyuma pako wazi. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Huu msongamano wa ndege, maua na wanyama ubao mzima, ambao leo mnauita asili, umekolezwa na waliomfuata. Walibadilisha, na hakuna aliyewafukuza. Msanii George Lilanga naye alitoka kwenye kuchonga vinyago akaingia kwenye rangi, na mashetani aliyoyachora yakafika mpaka Ulaya.

Mnaniambia mtalii anataka tembo. Sikatai, ada za wanangu zimelipwa na tembo. Lakini mtalii atapendaje asichoonyeshwa? Kuna vijana wenye vipaji vya hatari, wanamchora twiga yule yule mpaka mkono unakwenda wenyewe huku wanabishana habari za Simba na Yanga. Mmoja wao akijaribu kitu chake mnamcheka mbele ya wateja, kesho yake karudi kwenye twiga. Mnawamaliza watoto wa watu!

Na wewe mwenye duka, najua humu unapita. Jumamosi nakuja na bajaji kuchukua picha zangu zote. Ile oda ya tembo uliyomwachia mke wangu, mpe mwingine.